Tabaruku ya Raizel binti Basya

Saa tatu na nusu asubuhi ya Jumatano, Rabi Leibel aliingia chumba cha kupangia kurasa na kikombe cha chai kilichokwisha kupoa, akasimama nyuma ya kiti cha Emery, akasema kwa sauti ya mtu aliyechoka kusema, "Mke wa Hessel tulimzika juzi."

Emery hakugeuka. Kwenye kioo cha kompyuta mbele yake ulikuwa wazi ukurasa wa tabaruku wa juzuu ya saba, ule ambao kiwanda cha uchapaji kilikuwa kinausubiri siku hiyohiyo. Maneno yalikuwa machache, katikati ya weupe mwingi: Kwa ajili ya kupona kabisa kwa Raizel binti Basya.

"Juzi?" aliuliza mwishowe.

"Alifariki Jumapili usiku, Jumatatu mchana tukazika. Sisi hatulazi maiti." Rabi alikitazama kile kikombe kana kwamba mtu mwingine ndiye aliyempa. "Nilidhani nimekwambia. Nimewaambia watu wengi, nimesahau nani nimemwambia na nani sijamwambia."

Shirika lao lilikuwa na vyumba viwili na stoo moja, nyuma ya sinagogi kuukuu huko Orange Grove. Kwa miaka thelathini na moja lilikuwa likitoa kwa Kiingereza vitabu vya dini na vya elimu vya Wayahudi, kwa ajili ya watu ambao babu zao walisoma Kiebrania na wao hawakiwezi tena. Halikutafuta faida, wala lisingeipata hata kama lingetafuta. Kila juzuu ilitoka kwa sababu familia fulani ilijitolea kuibeba, na familia hiyo ilipewa ukurasa mmoja mbele ya kitabu. Kurasa hizo zilikuwa za namna mbili tu. Kama ni kumbukumbu ya marehemu, jina lake lilifuatwa na jina la baba yake. Kama ni dua ya mgonjwa, lilifuatwa na jina la mama, maana husemwa kwamba mtu anayeombewa huruma hutangulizwa na yule aliyemzaa kwa uchungu.

Emery alikuwa Mkatoliki wa Lubumbashi. Miaka tisa iliyopita aliitwa kutengeneza mashine ya kunakili iliyokwama, akabaki. Herufi za Kiebrania alizijua kwanza kwa umbo, kama mtu anavyozijua nyuso za abiria wenzake wa kila asubuhi, kisha kwa sauti, kisha kwa maana. Sasa aliweza kuiona nukta iliyokaa vibaya kutoka upande wa pili wa meza, kama fundi cherehani anavyoona pindo lililopinda. Na alikuwa amechoka. Juzuu za kitabu hiki cha sheria za dini zilikuwa kumi na mbili. Saba zilimla miaka tisa.

Lakini asubuhi ile hakuwa anafikiria juzuu. Alimfikiria mzee Hessel, mfadhili wa kitabu, alivyokuja mwenyewe mwezi wa tisa, katika sweta lenye viraka vya kiwikoni, akasimama palepale aliposimama Rabi, akauliza kitabu kitatoka lini. Emery alimjibu bila kuinua macho, "Kabla ya Pasaka, mzee." Yule mzee alihesabu miezi kwa vidole, akaonekana kuridhika. Ilikuwa wazi kwamba alikuwa anapima kitu fulani, na kwamba hesabu imekubali.

Mwezi wa pili, mabamba ya kuchapia yakiwa karibu kutengenezwa, Emery aligundua kwamba mstari mmoja umedondoka ukurasa wa mia moja themanini na nane. Mstari mmoja tu. Hakuna mtu mwingine aliyeuona. Alisimamisha kazi, Rabi akamuunga mkono, na kiwanda kikawapa watu wengine zamu yao. Pasaka ikapita. Sasa ulikuwa mwezi wa sita, asubuhi zina baridi ya kuuma masikio, na Raizel yuko ardhini.

"Nimeshapata jina la baba yake kwa watu wa mazishi," Rabi alisema. "Zundel. Geuza ukurasa uwe wa kumbukumbu, mpelekee Hessel. Unajua kanuni."

Emery aliijua. Zamani sana, kabla yake, shirika liliwahi kukosea jina la marehemu katika nakala elfu moja, na mjane akalia mlangoni pao. Tangu hapo hakuna tabaruku iliyochapwa kabla mwenye nayo hajaisoma kwa macho yake na kuikubali kwa kinywa chake.

"Gaston wa kiwandani anaingiza karatasi ya mwanzo saa kumi," Emery alisema. "Baada ya hapo mashine yake ni ya karatasi za mitihani mpaka mwezi wa nane."

"Ndiyo maana unaenda sasa hivi."

"Rabi, si afadhali uende wewe? Mimi ni nani pale?"

"Nina daktari saa sita, miadi niliyoingoja miezi mitano." Rabi Leibel aliweka kikombe juu ya rundo la prufu za kusahihishwa, akafikiri, akakiondoa. "Wewe ndiye uliyeupanga ukurasa. Nenda, kaa naye, urudi."

*

Yasini, dereva na mfungaji vifurushi wa shirika, alikuwa ameegesha ile bakkie, pikapu ya shirika, juani, anapasha mgongo. Alikuwa mtu wa Tanga, mwembamba, mwenye kofia ya sufu aliyoivaa kuanzia mwezi wa nne hadi wa tisa bila kuivua.

"Rabi wa Malvern," Yasini alimtania Emery kwa jina la mtaa anaokaa, alipopanda na bahasha yake na kompyuta ya mkononi, "leo uso umekunjika kama shati la mtumba. Umelala kweli weye?"

"Nimelala masaa tatu. Mtoto wa jirani analia usiku muzima. Bon, endesha tu, tunaenda Sydenham. Kwa matanga."

"Inna lillahi. Nani?"

Emery alimweleza njiani, roboti moja baada ya nyingine, kama wanavyoziita huko taa za barabarani. Nyingine zilikuwa zimezimika na magari yanapeana zamu kwa macho. Alimweleza habari ya ukurasa, ya Basya na ya Zundel.

"Hebu subiri," Yasini alisema. "Mgonjwa, jina la mama. Maiti, jina la baba."

"Njo vile."

"Basi wenzetu wamegeuza. Kwetu maiti akishafukiwa, mwalimu anachutama kaburini, anasoma talkini. Anamwita kwa mama yake. Ewe fulani mwana wa mama fulani. Baba hana nafasi pale."

"Sababu gani?"

"Mama ndiye mwenye hakika." Yasini alicheka peke yake. "Baba ni habari ya kuambiwa. Na nyie Wakongo je?"

"Sie kila mutu na jina yake. Miye, kaka yangu, dada yangu, majina tatu mbalimbali. Watu wa makaratasi ya ukimbizi hawakuamini kama tulitoka tumbo moja. Walituuliza mara nne."

"Eish. Na nyie mkawajibu nini?"

"Kaka aliwaambia waulize mama. Mama yuko Lubumbashi, kaburini."

Yasini aliacha kucheka, akabadili gia. Baadaye kidogo akauliza, taratibu, "Na huyo mzee, atakulaumu?"

"Nilimwambia kabla ya Pasaka."

"Kwani kitabu ni dawa?"

"Kwangu mimi, hapana. Sijui kwake."

*

Geti lilikuwa wazi. Katika mtaa ule wa kuta ndefu na nyaya za umeme, geti lililoachwa wazi mchana kweupe lilishtua kuliko msiba wenyewe. Mlinzi aliyesimama pembeni aliwapungia tu mkono. Mlango wa nyumba nao ulikuwa wazi, kwa kuwa mfiwa habishiwi hodi, na kioo kirefu cha ukumbini kilikuwa kimefunikwa shuka. Karibu na kioo kulikuwa na mashine ya oksijeni, waya wake umezungushwa vizuri, inangoja kuchukuliwa.

Mzee Hessel alikaa sebuleni kwenye kiti kifupi kama cha mtoto wa shule, miguuni amevaa soksi tu. Sweta lake lilikuwa limechanwa upande wa kulia wa kifua kwa desturi ya msiba, mpasuko wa urefu wa kiganja. Alikuwa anatazama zulia. Watu saba au wanane walikaa kumzunguka kwenye viti vya plastiki. Emery alipata kimoja karibu na mlango, akakaa, akaweka bahasha magotini. Ilikuwa saa nne na nusu.

Kwao angeingia na sauti. Angesema pole kabla hajavuka kizingiti, angelia kidogo hata kama hamjui marehemu vizuri, angemshika mfiwa mikono miwili, na kilio kingemfungulia njia ya kusema lililomleta. Lakini hapa kulikuwa na sheria: anayekuja kumfariji mfiwa asifungue kinywa mpaka mfiwa mwenyewe aanze kusema. Akinyamaza, wewe nyamaza. Emery aliijua sheria hiyo kuliko watu wengi waliokuwa sebuleni pale, na haikuwa ajabu. Huo ndio ulikuwa mstari uliodondoka ukurasa wa mia moja themanini na nane. Ndio aliosimamishia kazi.

Sheria hiyo haikumbana. Yeye hakuwa mmoja wao, na hakuna ambaye angeshangaa kama angeinuka, ainame sikioni mwa mzee na kumwambia, samahani, baba, soma hapa, sema ndiyo. Kazi ya dakika moja. Alifikiri hivyo saa tano. Alifikiri tena saa sita kasoro, simu yake ilipotetemeka mfukoni. Lakini mtu hawezi kuchelewesha kitabu miezi minne kwa ajili ya mstari mmoja, halafu siku mstari wenyewe unapomkuta ndani ya chumba auruke kama dimbwi. Kama haukustahili kutiiwa, basi haukustahili kungojewa, na yule mama alikosa kitabu chake bure.

Kwa hiyo alikaa.

Mzee hakusema. Wengine walisema kwa niaba yake. Bwana mmoja mwenye tai ya michirizi alieleza jinsi maji yalivyokatika mtaani kwake tangu jana, jinsi lori la maji lilivyokuja na kuondoka kabla watu hawajatoka na ndoo.

"Na bili inakuja palepale," mwanamke mmoja alidakia. "Maji hakuna, bili ipo."

"Hessel, kwenu maji yapo?" yule bwana aliuliza.

Mzee Hessel aliendelea kutazama zulia.

"Yapo," mwanamke wa jikoni alijibu kutoka mlangoni. "Tafadhali mwacheni."

Watu walitoka, wengine wakaingia. Kila anayetoka alisimama mbele ya kile kiti kifupi akanong'ona sentensi ileile ya kumwombea faraja, na mzee akatikisa kichwa. Emery alihamishwa kiti mara mbili kuwapisha wazee zaidi. Mara ya pili alijikuta ana kwa ana na mfiwa, hatua tatu, na kila mzee alipoinua macho yalitua kwenye ile bahasha, yakakaa hapo, yakashuka. Emery aliona kwamba mzee anajua. Anajua ni nani, anajua ni nini, na ule unyamavu wote ni wa kumlaumu yeye Emery. Mgongo ulimuuma. Alikuwa hajala tangu jana jioni. Saa saba ikapita, saa nane ikapita, na simu ikatetemeka tena mara mbili, akaibana kwa paja mpaka ikanyamaza.

Saa tisa na dakika tano yule bwana wa maji aliondoka, na nyuma yake wakatoka wote, kama wamekubaliana. Jikoni vikombe vilikuwa vinaoshwa. Sebuleni walibaki wawili.

Mzee Hessel aliinua kichwa.

"Kijana," alisema, sauti imekwaruza kwa kutotumika, "ichukue tu. Iko ukumbini. Sijui kama inabebwa na mtu mmoja."

Emery alimtazama.

"Mashine," mzee alisema. "Ya oksijeni. Wewe si mtu wa mashine? Kutwa nzima nakuona na karatasi zako za kusaini. Nikasema, huyu ana adabu, anasubiri wageni watoke."

"Hapana, mzee. Mimi ni Emery. Napanga kurasa, kule kwa Rabi Leibel."

Mzee alipapasa kando ya kiti, akapata miwani, akaivaa. "Aa," alisema. "Wa kompyuta." Akamkagua tena. "Umepungua."

"Ni baridi, mzee."

"Na mbona hukusema kitu? Masaa manne! Nilianza kukuhurumia."

Emery alifungua kinywa, akaona kwamba jibu lote lilikuwa ndani ya bahasha. Pamoja na ukurasa wa tabaruku alikuwa amebeba prufu za sura nzima ya matanga, kwa mazoea ya kutotembea na karatasi moja. Aliitoa ile ya mia moja themanini na nane, akapiga magoti kwenye zulia kwa kuwa kiti cha mzee kilikuwa chini mno, akaweka kidole.

Mzee alisoma midomo ikicheza. Vitabu vyote vya dini alikuwa amefungiwa wiki hiyo, maana kusoma ni furaha; sheria za msiba peke yake ndizo zilizoachwa wazi kwake. Alisoma mstari, akarudia, akamtazama Emery juu ya miwani, na bega lake moja likaanza kutikisika. Emery alidhani analia. Alikuwa anacheka.

"Umekaa hapo kama mlingoti kwa sababu ya hii?"

"Ndiyo, mzee."

"Yule Morris wa maji amekuja nyumba za matanga miaka hamsini. Hamsini! Hajawahi kunyamaza hata kwa mama yake mwenyewe." Alijifuta macho kwa mkono wa sweta, na mpasuko wa kifuani ukafunguka zaidi. "Raizel angekupenda. Alikuwa hasemi na mtu kabla ya saa nne asubuhi."

Ilikuwa saa tisa na robo. Emery aliitoa karatasi ya tabaruku, akampa kwa mikono miwili, kama kwao.

Kicheko kilimtoka mzee palepale. Alisoma. Kwa kumbukumbu ya Raizel binti Zundel. Akakunja karatasi katikati, akaikunjua.

"Sikuomba hivi."

"Ndiyo desturi, mzee. Marehemu..."

"Desturi naijua, nilikuwa nayo kabla hujazaliwa. Huyu Zundel ni nani?"

Mzee aligonga jina lile kwa kidole.

"Nitakwambia. Zundel alikwenda Bulawayo kutafuta duka la kukodi, Raizel ana miaka miwili. Anatafuta mpaka leo. Basya alishona mashati ya shule kwenye chumba kimoja huko Doornfontein mpaka vidole vikapinda, akamsomesha binti yake mpaka akawa mwalimu. Miezi kumi tumemwombea kwa jina la Basya, kila Jumamosi, sinagogi nzima. Jumatatu makaburini wakamwita binti Zundel. Sikuwa na nguvu ya kubishana, nilikuwa nimeshikwa huku na huku kama mlevi." Alimrudishia karatasi. "Chini ya udongo ameshakuwa wa Zundel. Na kitabuni pia?"

"Basi niurudishe kama ulivyokuwa?" Emery aliuliza, ingawa alijua Rabi hawezi kuukubali.

"Umwombee apone? Wasomaji watadhani nina wazimu." Mzee alitazama soksi zake. "Kwa nini kilichelewa?"

Lilikuwa swali la kawaida kabisa, halikuwa na ukali. Emery alikuwa bado amepiga magoti.

"Mimi ndiye niliyekichelewesha," alisema. "Mwezi wa pili kilikuwa tayari. Huo mstari ulikuwa umedondoka. Hakuna aliyeuona, mimi nikauona, nikasimamisha. Kama ningenyamaza, kingekuwa mikononi mwenu kabla ya Pasaka. Nilikuahidi, mzee. Ningeweza kunyamaza."

Jikoni bomba lilifungwa. Emery alianza kuhesabu dakika zilizobaki, akaona aibu kwa kuzihesabu.

"Pasaka alikuwa anakula bado," mzee alisema mwishowe. "Supu kidogo. Angekishika." Akavuta pumzi. "Asingepona. Nilijua mimi, alijua yeye, daktari alijua. Lakini angekishika."

"Ndiyo, mzee."

"Sitakwambia si kitu."

"Hapana."

"Una kalamu?"

Emery alikuwa nayo. Mzee aliikataa kwa mkono, hakutaka kuandika wiki ile. "Andika wewe. Andika ilivyokuwa. Tulikianza kwa nini, na ikawaje."

Emery aliigeuza karatasi ya Zundel, akaandika kwa nyuma juu ya goti. Akafuta. Akaandika tena. Alisoma kwa sauti ndogo: "Kitabu hiki kilianzwa ili Raizel binti Basya apone." Akasita.

"Endelea."

"Kilichelewa."

Mzee alifumba macho. "Hilo liache hapo. Peke yake. Kisha?"

"Anayekisoma amkumbuke."

"Amkumbuke nani? Raizel wako wengi. Weka mke mpenzi wa Hessel." Akafikiri. "Mke mpenzi. Nilikuwa simwiti hivyo, alikuwa anakasirika. Lakini weka."

*

Emery alitoka mbio, bahasha mkononi. Saa tisa na dakika thelathini na nane. Yasini alikuwa amelala usingizi ndani ya bakkie, kofia imeshuka mpaka puani.

"Fungua kompyuta! Yasini! Kompyuta!"

"Astaghfirullah, nani kafa tena?"

Waliiweka juu ya boneti iliyopata moto wa jua. Yasini alivua koti, akalishika kama hema juu ya kioo ili Emery aone. Emery aliandika kwa vidole viwili vilivyokufa ganzi, huku simu ameibana begani inalia upande wa pili.

"Emery," Rabi Leibel alisema, na nyuma yake palisikika sauti za zahanati. "Nimekupigia mara tatu. Nimeambiwa nipunguze chumvi, hilo ndilo nililongoja miezi mitano. Hessel amekubali?"

"Amekubali kitu kingine, Rabi. Nikusomee."

Alisoma. Mahali fulani nyuma yake mtu aliitwa jina na nambari ya chumba.

"Kwa miaka thelathini na moja," Rabi alisema, "tumekuwa na kurasa za namna mbili."

"Ndiyo, Rabi."

"Hii si ya namna yoyote. Na inasema tumechelewa."

"Tumechelewa, Rabi."

"Kitabu cha shirika kinajisema chenyewe, ukurasa wa kwanza, kwamba kimechelewa."

"Ni dakika kumi na nne zimebaki."

Rabi alipumua. Pumzi ile Emery aliijua. Aliisikia kila jioni Rabi alipofunga stoo. "Binti Basya. Hakutaka Zundel hata kidogo?"

"Hata kidogo."

"Basya alinishonea shati la shule," Rabi alisema, kama anajiambia mwenyewe. "Kola ilikuwa inakwaruza. Sawa. Kilichelewa, liache. Lakini hilo neno mpenzi litoe. Kurasa zetu zimejaa wake wapenzi, neno limechakaa, msomaji halioni."

"Amesema liwekwe."

"Kwa kinywa chake?"

"Kwa kinywa chake. Amesema alikuwa hamwiti hivyo."

"Basi liache," Rabi alisema. "Tuma."

Emery alisogeza mistari, akapanua weupe chini ya neno lile lililosimama peke yake, akaandika jina la Basya kwa herufi za Kiebrania, akaikagua kila nukta. Yasini alikuwa anatetemeka katika shati.

"Fanya haraka, ndugu yangu, miye si mti."

Alituma. Walisimama wanaitazama simu kana kwamba ni chungu kinachokaribia kuchemka. Saa tisa na dakika hamsini na tatu Gaston alijibu kutoka kiwandani, kwa Kiswahili chake cha kukata kata: Imefika. Natoa bamba. Mumenitesa leo.

"Tumeshinda," Yasini alisema, akavaa koti lake upesi. "Twende Rosettenville, nikununulie kuku wa Wareno, upate rangi ya binadamu. Panda."

Emery aliifunga kompyuta. Alitamani kupanda, na alimtamani yule kuku. Alitazama lile geti lililokuwa wazi. Watu wapya walikuwa wanaingia, wanawake wawili na bakuli lililofunikwa foili, na nyuma yao bwana mwenye tai ya michirizi, amerudi.

"Nipe nusu saa," alisema.

"Umesahau kitu?"

"Nimetoka bila kumuaga. Nilikuja kwa kazi, nikaondoka na kazi. Hata pole sijampa."

Yasini alimtazama, akatazama saa, akashusha kofia mpaka puani. "Nusu saa ya Kikongo au ya saa?"

Emery aliingia mikono mitupu. Alipata kile kiti cha karibu na mlango, akakaa. Bwana wa maji alikuwa ameshaanza. Lori, alisema, limepita tena. Mzee Hessel alikuwa anatazama zulia. Baada ya muda aliinua macho, akamwona, akamtazama magotini ambako hakukuwa na kitu.

Hakusema neno, na Emery naye hakusema.